Masafa bila daftari

Afande aliyekuwa zamu kwenye mwalo ule alikuwa na redio mbili na simu moja. Redio ya kwanza ilikuwa nyeusi, nzito, ya serikali. Betri yake ilikufa zamani, na sasa kazi yake ilikuwa kukandamiza makaratasi yasipeperushwe na upepo wa ziwa. Ya pili ilikuwa ya Kichina, ya mkononi, imefungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli kwa sababu kifuniko cha betri kilipotea. Hiyo aliinunua Kampala kwa pesa zake.

Nikamuuliza, "Afande, hii inafika wapi?"

Akanyoosha kidole kwenye jabali lililochomoza majini. "Pale. Ukipita pale inabaki hii," akagonga mfuko wa shati ulipokaa simu.

"Na ikiisha salio?"

Akacheka. "Basi tunamwachia Mungu, ssebo."

Sitautaja mwalo wala kikosi chake, maana hakunikosea lolote. Ila kuna jambo alilolisema kwa kupita tu ambalo limenikaa kichwani tangu siku hiyo. Nilimuuliza masafa, yaani mawimbi ya redio, anayotumia kuongea na wenzake wa kisiwa cha pili aliyapataje. Akasema walizungusha kitufe, yeye na mwenzake, mpaka wakapata mahali pasipo kelele, wakakubaliana kuwa hapo ndipo pao. Askari wa Jamhuri anajitafutia masafa kama mtu anayetafuta kivuli cha kuegesha bodaboda, ilhali taasisi yake, kama taasisi zote za usalama duniani, ina masafa iliyopangiwa. Yako wapi, mangapi, na nani anayatumia leo? Hakujua, na sidhani kwamba mkuu wake alijua.

Tukibishana kuhusu masafa hapa Uganda, tunawataja wawili tu: kampuni za simu na stesheni za FM. Nani kapewa, nani kanyimwa, nani hajalipa ada. Wa tatu, yaani serikali yenyewe na idara zake, hatajwi. Jeshi, polisi, magereza, hifadhi za wanyama, viwanja vya ndege, hospitali, shirika la utangazaji la umma, wote hao wanahitaji nafasi hewani, na haki yao siibishii. Ninachohoji ni daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sijui mali inayopotea kimya kimya kuliko masafa, kwa kuwa hata yakikaa bure miaka ishirini hayaoti nyasi watu wakayaona.

Anayeishi Buganda atanielewa haraka nikitumia mfano wa ardhi ya mailo. Mwenye hati yuko mbali, pengine amekufa na warithi hawajui mipaka. Mwenye kibanja yuko pale pale analima, lakini hana karatasi. Siku akija mnunuzi, kila mtu anaanza kupiga kelele kwa wakati mmoja. Masafa ya idara za umma yako hivyo hivyo: hati kule, jembe huku.

Tuzungushe basi kitufe chetu wenyewe, tuone nani anakaa wapi. Kwa kipimo cha masafa kiitwacho megahezi, redio ya FM inaanzia 87.5 na kuishia 108. Ukisimama kwenye vilima vya Kampala, Kololo au Naguru, ukatazama juu, ile misitu ya minara ndiyo inayoijaza nafasi hiyo. Hapo hapo kwenye 108 unaanza mtaa wa ndege: kwanza mitambo inayomwongoza rubani kushuka, kisha kuanzia 118 hadi 137 ni sauti za marubani na waongozaji wao. Mtambo wa FM uliofungwa na fundi wa bei rahisi, bila kichujio kizuri, hauheshimu ukuta huo. Unamwaga uchafu wake upande wa pili, kwenye masikio ya rubani anayeitafuta Entebbe. Panda hadi 156.8, hapo ni mahali pa kuombea msaada majini, panapojulikana na mabaharia dunia nzima kama chaneli 16. Endelea hadi kati ya 380 na 470, huko ndiko polisi na waokoaji wa nchi nyingi wanakoongelea.

Mgawanyo huu haukuanzia Kampala. Unafanyika kwanza kwenye Shirika la Mawasiliano la Kimataifa, ITU, lenye makao yake Geneva, ambalo limeigawa dunia katika kanda tatu. Sisi tuko Kanda ya Kwanza pamoja na Afrika yote na Ulaya. Kila baada ya miaka mitatu au minne mataifa hukutana kuupitia upya mgawanyo huo: Geneva 2015, Sharm el-Sheikh 2019, Dubai 2023. Kikao cha 2015 ndicho kilichozihimiza nchi zifikirie kutenga sehemu ya masafa kati ya megahezi 694 na 894 kwa ajili ya mawasiliano ya kasi ya polisi, zimamoto na waokoaji. Likishatoka Geneva, jedwali linatua Bugolobi kwenye ofisi za Tume ya Mawasiliano ya Uganda, UCC, ambayo Sheria ya Mawasiliano ya 2013 imeipa kazi ya kugawa, kutoa leseni na kusimamia masafa ili yatumike vizuri kadiri inavyowezekana.

Sasa hayo maneno "yatumike vizuri" ndiyo yenye utata. Kwa kampuni ya simu kipimo kipo, kwa sababu kuna ada. Anayelipa kila mwaka hawezi kulala juu ya masafa; mhasibu wake atamwamsha. Kwa idara ya serikali, nchi nyingi kihistoria hazikuweka bei yoyote. Mkuu wa idara alipewa chaneli miaka ya nyuma, akastaafu, akaja mwingine, na hakuna siku hata moja aliyoulizwa kama bado anazihitaji. Angezirudisha kwa nini? Hana faida akirudisha, wala hasara akikaa nazo, na kesho anaweza kuzihitaji. Binadamu yeyote mwenye akili timamu angezing'ang'ania.

Na si kitu kidogo anachokalia. Kipande cha megahezi 5 tu, ukikikata kwa chaneli za kilohezi 25 (kilohezi elfu moja ni megahezi moja), unapata chaneli 200. Ukitumia mitambo ya kisasa ya kilohezi 12.5, unapata 400. Zaidi ya hapo, masafa ya chini ambayo idara za umma zilipewa mapema, kabla simu za mkononi hazijazaliwa, ndiyo yenye miguu mirefu. Yanapita kwenye ukuta, yanazunguka kilima, na mnara mmoja unahudumia eneo ambalo masafa ya juu yangedai minara kadhaa. Kwa nchi yenye Elgon upande mmoja, Rwenzori upande wa pili na ziwa la kilomita za mraba 68,800 tunalogawana na majirani wawili, hiyo ndiyo sehemu nono ya nyama.

Waingereza waliliona tatizo hili mapema. Mwaka 2002 profesa wa uchumi, Martin Cave, aliiandikia serikali yao ripoti iliyosema idara za umma zitozwe thamani ya masafa zinayoyashika, jeshi likiwemo. Mwaka 2005 alirudi na ripoti nyingine iliyochunguza masafa ya sekta ya umma peke yake. Wizara ya Ulinzi ilipoanza kuona gharama hiyo kwenye vitabu vyake, ikagundua kwamba haihitaji kila ilichonacho. Sehemu ya masafa iliyoachia ilipigwa mnada Aprili 2018 na kuingiza zaidi ya pauni bilioni 1.3.

Wamarekani walipitia mlango mwingine. Kwao kuna wasimamizi wawili: FCC kwa watu binafsi, kampuni na serikali za majimbo, na NTIA kwa idara za serikali kuu. Jambo lililonivutia huko si mgawanyo wa ofisi, ni sheria ya mwaka 2004 inayosema masafa ya idara ya serikali yakiuzwa kwa mnada, gharama ya kuihamisha idara hiyo inalipwa kutokana na mnada wenyewe, na mnada usipofikia asilimia 110 ya gharama hiyo, hakuna mauzo. Kwa hiyo jenerali haambiwi "ondoka". Anaambiwa "ondoka, tutakununulia mitambo mipya". Mnada uliomalizika Januari 2015, uliohusisha masafa yaliyokuwa yakitumiwa na idara za serikali kuu, ulipita dola bilioni 40.

Najua kuna atakayesema: hizo ni nchi tajiri, sisi tuna shida zetu. Ni kweli, na sitaki mtu asome hapa akidhani napigia debe mnada. Uganda masafa ya thamani yakiachwa na idara za umma, ninaogopa yataishia kwenye kuangalia video Kampala huku Bududa, kule miteremkoni mwa Elgon, ikibaki kimya. Shida yetu ya kwanza ni kwamba waokoaji wetu hawasikilizani. Fedha inaweza kusubiri nyuma ya hilo.

Tuliwahi kulitatua, tena kabla ya watu wengi hawajashika simu ya mkononi. Mwaka 1996, wilayani Iganga, ulianzishwa mradi uliofadhiliwa na Mfuko wa Umoja wa Mataifa wa Idadi ya Watu, ukaitwa RESCUER. Wakunga wa jadi walipewa redio za mkononi za VHF, yaani za masafa kati ya megahezi 30 na 300. Vituo vya afya vikafungiwa redio za mezani zinazotumia umeme wa jua, na gari la wagonjwa likawekewa yake. Hebu fikiria usiku wa wakati ule: mama ana uchungu tangu jana, mtoto amekaa vibaya, barabara ni ya matope, na mkunga hajui kama hospitali ina daktari au kama gari lina mafuta. Kabla ya hapo, ujumbe ulikwenda kwa baiskeli na jibu likarudi kwa baiskeli, kama lilirudi. Sasa alibonyeza kitufe akasema, na upande wa pili mtu akamjibu aendelee au asubiri gari. Tathmini za mradi zilionyesha vifo vya akina mama vikishuka mno ndani ya miaka michache. Redio haikuzalisha mtoto hata mmoja, hilo tuliseme. Ilikwenda pamoja na gari, mafunzo, na hospitali iliyokuwa tayari kupokea. Ila vyote hivyo vilishonwa na uzi mmoja, na uzi wenyewe ulikuwa chaneli chache tu za VHF.

Niliupenda mradi ule kwa sababu moja zaidi. Aliyepewa masafa ya umma alikuwa mkunga wa kijijini, asiye na cheo wala kofia. Aliyapata kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu na kifo.

Baadaye simu zikaja, na sote tukaridhika. Leo uokoaji mwingi nchini unaendeshwa kwa simu binafsi na makundi ya WhatsApp. Simlaumu mtu, mimi mwenyewe mgonjwa akizidiwa nyumbani napiga simu, sitafuti redio ya upepo. Lakini jioni ya Januari 13, 2021, usiku wa kuamkia uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima na haikurudi hadi tarehe 18. Kundi lolote la WhatsApp, liwe la harusi au la ambulansi, lilinyamaza siku hizo. Tuache siasa za uamuzi ule, zina waandishi wake. Kwa upande wa masafa, serikali ilizima mtandao ambao sehemu ya huduma zake za dharura zinautegemea, na hazina mwingine. Mvua ya mawe nayo inaweza kufanya hivyo. Maporomoko yakiufunika mnara, au umeme ukikatika hadi betri za mnara zikaisha, hali ni ile ile.

Tazama tukio kubwa lolote la miaka ya karibuni uhesabu sare. Tarehe 24 Novemba 2018, boti ya starehe MV Templar ilizama karibu na Mutima, Mukono, na zaidi ya watu thelathini wakafa. Walioingia majini kuokoa ni pamoja na polisi wa majini, jeshi na wavuvi wa jirani. Mwezi mmoja kabla, mto Suume ulishuka na mawe na matope Bududa. Agosti 2024 jalala la Kiteezi liliporomoka juu ya nyumba za watu. Kila mara wanafika polisi, jeshi, Msalaba Mwekundu, viongozi wa eneo na wananchi wenye majembe. Je, ipo chaneli moja, inayojulikana na wote hao kabla ya siku ya tukio, ambayo kila mmoja angeweza kuihamia? Nchi inayosimamia masafa ya umma kwa uzito inapaswa kulijibu swali hilo kwa sentensi moja.

Korea Kusini iliulizwa swali hilo kwa njia chungu. Aprili 16, 2014 kivuko cha Sewol kilizama na watu 304 wakafa, wengi wao wanafunzi wa sekondari. Idara zilizofika zilikuwa na mitandao tofauti ya redio. Serikali ikatenga megahezi 20 kwenye eneo la 700, sehemu ambayo kampuni za simu na stesheni za televisheni ziliitolea macho, ikazitoa kwa mtandao mmoja wa taifa wa waokoaji. Mtandao huo ulikamilika nchi nzima mwaka 2021, na masafa yenyewe yanatumiwa kwa pamoja na mawasiliano ya reli na ya vyombo vya majini. Miaka saba, kwa nchi inayotengeneza mitambo hiyo yenyewe. Kwa hiyo asije mtu akatuambia kwamba Uganda italimaliza jambo hili kwa bajeti moja.

Sisi nafasi ya eneo lile la 700 na 800 tulifunguliwa na televisheni. Makubaliano ya Geneva ya 2006 yaliweka Juni 17, 2015 kuwa mwisho wa televisheni ya analojia kwa kanda yetu, nasi tukahama tukianzia Kampala, Signet, kampuni ya shirika la utangazaji la umma, ikibeba matangazo ya dijitali. Tulizungumza sana habari za ving'amuzi mwaka ule. Habari za nani atakaa kwenye kiwanja kilichoachwa wazi, na kama waokoaji watapata hata kona yake, zilibaki za wataalamu.

Hapa ndipo neno "usalama" huingia na kufunga mjadala. Masafa ya vyombo vya dola, tunaambiwa, ni siri. Sehemu yake nakubali. Sihitaji kujua kikosi kipi kinaongea wapi saa ngapi, na anayetaka kujua hayo nami nina shaka naye. Lakini ukubwa wa kiwanja si siri ya kilichomo ndani ya nyumba. Marekani, yenye siri nyingi kuliko sisi, imechapisha ripoti za jinsi idara zake za serikali kuu zinavyotumia masafa kuanzia megahezi 225 hadi gigahezi 7.125, bendi kwa bendi. Kifungu cha 41 cha Katiba yetu kinampa raia haki ya habari zilizo mikononi mwa dola, isipokuwa zile zinazoweza kudhuru usalama, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2005 ikaweka utaratibu. Idara inayosema "tuna megahezi kadhaa katika bendi fulani, nusu inatumika" haijamfundisha adui lolote. Adui mwenye kifaa cha kupimia mawimbi angejua mwenyewe kwa kuzunguka mchana mmoja. Asiyejua ni mbunge anayepitisha bajeti.

Kuna kichekesho kidogo hapo kwetu sisi wa Kiswahili. Katika nchi ambayo mtaani wengi huongea Kiluganda, Runyankore au Acholi, hewani kwenye redio za askari ni Kiswahili, urithi wa jeshi la mkoloni uliopokezana hadi leo. Lugha iliyotambuliwa kikatiba kuwa ya pili rasmi mwaka 2005 ilikuwa imeshashika masafa ya dola siku nyingi. Basi tusijifanye hatuelewi yanayosemwa huko.

Ningependa kuona nini? Kwanza hilo daftari: kila idara ya umma iandikishe UCC inashika bendi ipi, upana gani, inatumika maeneo gani kwa jumla, na mitambo yake ni ya mwaka upi. Sehemu ya wazi iwekwe wazi, sehemu ya siri ikaguliwe na kamati ya Bunge faraghani. Isiyotumika kwa muda uliowekwa igawiwe kwa matumizi ya pamoja, bila kunyang'anya hati, kama mwenye mailo anavyobaki na hati huku mwenye kibanja akilima kwa halali. Chaneli chache za VHF zitengwe leo kwa ajili ya dharura ya wote, kabla hatujaota mtandao wa kasi, na mashine za kurudia mawimbi, ripita kama mafundi wanavyoziita, ziwekwe kwenye vilima vinavyotazama ziwa. Redio mbili za mkononi usawa wa maji zinasikilizana kilomita chache tu. Ripita moja juu ya kilima inazisogeza mbali mara kadhaa. Kalangala peke yake ina visiwa 84. Na kwa kuwa mawimbi hayasimami Busia kuonyesha pasipoti, hesabu hizo zifanywe pamoja na Kenya na Tanzania kupitia EACO, jumuiya ya wasimamizi wa mawasiliano wa Afrika Mashariki yenye ofisi Kigali, ambako wanakutana tayari.

Kuhusu bei nina wasiwasi zaidi kuliko Profesa Cave. Kuitoza polisi ada ya masafa ilhali Hazina ndiyo inayoilipa polisi ni kutoa shilingi mfuko wa kushoto na kuitia wa kulia, na hapa kwetu inaweza kudondoka njiani. Ningeanza na namba tu bila fedha: thamani ya masafa ya kila wizara iandikwe kwenye vitabu vya bajeti kando ya magari na majengo, ili waziri anayeomba mitambo mipya aulizwe kwanza habari za kiwanja alichonacho. Aone aibu kidogo kwanza, ada itafuata ikibidi.

Wa kuanza si lazima wawe majenerali. Mamlaka ya hifadhi, magereza, wizara ya afya na utangazaji wa umma wangeweza kufungua kurasa zao za kwanza bila kusubiri mtu. Na pale mwaloni, afande akizungusha kitufe hadi mahali pasipo kelele, angalau angeweza kufungua ukurasa akaona pale ni pa nani, nami ningejua barua nimwandikie nani.